Mstari Mweupe

Miaka thelathini na mmoja Oiva alichora
vivuko vya watu kwa miguu mjini Oulu.
Sasa mlango wa jikoni humgandisha.
Nyayo hushika sakafu kama zimepakwa gundi,
nami nyuma yake, sufuria ya uji mkononi:
"Inua mguu. Kunja goti. Mguu, Oiva, mguu!"
Kadiri ninavyoutaja, ndivyo unavyokaidi.

Tuulikki, yule wa mazoezi, hakuutaja mguu.
Alibandika utepe mwekundu sakafuni,
akasema tu: "Kanyaga ng'ambo ya utepe."
Akakanyaga.
Nilimwonea wivu msichana yule, sifichi.
Sentensi moja, na mimi nimemaliza mia.
"Akiuwaza mwili," akaninong'oneza, "mwili humkwaza.
Mpe kitu cha nje akiwaze."

Nyumba yetu sasa ina tepe hadi chooni.
Nami nafunga mdomo. Hilo nalo ni zoezi,
na sijalifuzu.

Jana theluji ilifukia kivuko cha duka la mikate.
Akasimama katikati ya hatua,
mkono ukitetemeka ndani ya mfuko wa koti.
Gari likangoja. Dereva hakupiga honi.
Nikaanza: "Mgu..."
nikaumeza.
Nikakwangua theluji kwa kisigino,
nikakwangua,
hadi chini ya weupe ukatokea weupe mwingine.

Akautazama kwa kitambo, kama fundi.
"Huu si wangu," akasema. "Umepinda."

Akauvuka.