Jivu Huzaa Fomu

Wahenga walisema moto huzaa jivu,
wakanyamaza hapo.
Hawakuketi nasi Sorrel Creek, miezi tisa baada ya moto,
ndani ya ukumbi wa michezo wa shule,
pete ya mpira wa kikapu ikining'inia juu ya meya
kama taji lililosita kumshukia.
Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu.
Najua jivu nalo linazaa nini:
jivu huzaa fomu.

Fomu ya kuzoa kifusi. Fomu ya kuthibitisha
kwamba kifusi hicho kilikuwa nyumba.
Ya kisima, ya maji taka, ya paa la bati,
na ile ya kijani, kurasa nne, inayouliza
tarehe uliyohamia.
Mzee Pruitt alijaza: "Nilizaliwa humo."
Ikabidi nimrudishie.
Kisanduku kinataka tarakimu.

Ajenda ya sita: Barabara ya Tamarack.
Njia moja ya kuingilia, hiyohiyo ya kutokea.
Siku ile magari mia mbili yalikwama humo,
taa zimewashwa saa nane mchana,
na watu watatu hawakufika chini.
Hoja: barabara ipanuliwe, ichongwe na njia ya pili
kupitia viwanja kumi na kimoja.
Viwanja vya nani?
Vya hao walioketi safu ya mbele,
mfukoni wana funguo
za milango isiyokuwapo.

Diwani Basra alisema: tukijenga vilevile, tutaungua vilevile.
Diwani Oakes alisema: mtu ameshaungua mara moja,
tusimchome tena kwa kalamu.
Makofi, miluzi. Meya akagonga meza kwa kikombe cha kahawa,
kwa kuwa nyundo yake iliteketea pamoja na ofisi.
Mhandisi akatandaza ramani.
Mstari mwekundu ulipita katikati ya mji
kama mshono wa tumbo lililopasuliwa.
Wote wawili walisema kweli.
Hilo sikuliandika;
kumbukumbu hazina mahali pa kweli mbili.

Kisha akaitwa Bi Nadya Kalmakoff, kiwanja namba saba,
miaka themanini na mmoja, dakika tatu.
Akasema: mtufaha wangu umechipua shinani,
chipukizi urefu wa kijiko.
Kanuni yenu mpya inakataza mti
ndani ya mita moja na nusu kutoka ukutani.
Mimi ukuta sina.
Basi niambieni, mti wangu uko mita ngapi, kutoka wapi?

Mhandisi akafunua karatasi. Akafunua tena.
Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Pitisheni barabara, akasema Bi Nadya.
Anton wangu alikuwa kwenye gari la mia na tisini.
Ila msiipe jina lake.
Alichukia kupanga foleni.
Kengele ya dakika tatu ikalia, akaketi,
akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Wanne waliafiki, watatu walikataa.
Oakes aliinua mkono bila kuinua uso,
na ndiye aliyekuwa wa nne.
Niliandika: Imepita.
Ajenda ya saba, mapipa ya taka yasiyofunguka kwa dubu,
ikapita kwa kauli moja.
Watu wakakunja viti.

Jumanne wapimaji walikuja na nyundo na utepe wa rangi ya chungwa.
Alhamisi nilipita pale nikielekea posta.
Vigingi vilikuwa vimenyooka kama askari kwenye gwaride,
kimoja, cha pili, cha tano, cha sita,
na cha saba kimechepuka,
futi moja, labda na nusu.
Udongo wa pembeni ulikuwa mbichi
na wenye alama ya kiatu kikubwa, cha mtu mzito,
kama cha mhandisi, kama cha Oakes,
kama cha nusu ya wanaume wa mji huu.

Ofisini nilifungua faili.
Ramani inasema kigingi cha saba kipo mahali pake.
Nikagonga muhuri.