Mistari Miwili

Juu ya maji hakuna alama.
Toka Kibirizi unapiga kafi mpaka
tenki jeupe lijifiche nyuma ya mnara wa simu,
na huko kusini rasi ya Bangwe
ifunike taa ya mwisho ya Katonga.
Hapo. Usisogee.

Ntahondi alinigawia mistari hii miwili
kama wengine wanavyogawiwa shamba.
Pima ishirini na mbili chini yako
kuna kilima kilichoshindwa kuwa kisiwa,
na sangala wamejibanza upande usio na mkondo,
wazito, hawana haraka.

Teremsha jiwe. Sasa kidole ndicho jicho.
Tope hunyonya. Mchanga hunyamaza.
Mwamba hujibu: ko.
Pandisha dhiraa moja tu,
chambo kicheze juu ya paa lao.

Mwaka jana tenki lilishushwa, likauzwa chuma chakavu.
Ntahondi alikuwa ameshazikwa.
Nilizunguka asubuhi nzima,
tope, tope, mchanga, tope,
mimi, mzaliwa wa hapa, kama mgeni
anayeulizia nyumba yake.

Saa sita mshipi ukakaza.
Nikavuta; haukutikisika.
Si samaki. Ni kilima kimenishika.

Ningefunga dumu tupu hapo lielee,
nisipotee tena.
Lakini dumu lina mdomo, na Kibirizi ina masikio.

Basi nikakaa, mshipi mkononi,
nikitazama nchi kavu polepole,
nikitafuta vitu viwili
ambavyo hakuna atakayeviuza.

Kisha nikakata.