Msumari

Walimvisha Hermitas miwani mizito kama nira,
wakaukaza ukanda kisogoni, juu ya nywele alizosuka
kana kwamba anakwenda kwenye misa.
"Usiogope," Brais akamwambia. "Sakafu ni hii hii ya ukumbi wa parokia.
Ukichoka, inua mkono."

Uhalisia pepe, ndivyo wanavyouita;
na pepe, kwa mkulima, ni punje isiyo na kitu ndani.

Miaka hamsini na minane bwawa limeilalia Vilarcoso.
Vijana wa chuo wamekijenga upya kijiji
kwa picha sita za harusi, ramani ya kampuni ya umeme,
na mawe yaliyochungulia mwaka ule wa ukame
maji yaliposhuka hadi mabegani mwa mnara.

Mzee Eladio alikataa kuingia. Alikaa mlangoni na kofia yake.
"Nimehamishwa mara moja. Mkinirudisha,
saa ya kuvua miwani mtanihamisha tena.
Husema maji yakimwagika hayazoleki.
Haya hayakumwagika. Tulimwagiwa."

Hermitas alitembea patupu.
Akainama pasipo na kizingiti.
Akakwepa kitu (mbwa? ndoo?) ambacho mashine haikukichora.
Akafika ukutani, penye kalenda ya duka la mbolea,
akasukuma hewa.

"Mlango mmeuweka kinyume. Wetu ulifungukia ndani.
Ungefungukia nje, theluji ya Januari ingetuzika hai."

Brais akaandika.

"Tanuri lilikuwa kushoto. Hapa palikuwa na ufa,
baba aliuziba kwa jibini bovu, tukanuka hadi Pasaka.
Na moshi uko wapi?
Nyumba isiyofuka ni ya wafu."

Akaandika: moshi.

Mimi nilishika nyaya tu, zisimtege miguu.
Ndiyo kazi niliyopewa.

Kisha akainua mkono.
Tukadhani amechoka. Brais akanyoosha vidole azime.
Lakini mkono ulikuwa unavua mtandio,
unaukunja mara mbili, unautundika
kwenye msumari nyuma ya mlango,
msumari usio kwenye picha yoyote,
wala kwenye ramani ya umeme.

Mtandio ukaanguka.

Hakusikia. Alikuwa ameketi tayari, pasipo kiti,
magoti yamekunjwa, kiganja juu ya meza
asiyoniambia ilikuwa na nini.

Nikaziachia nyaya.
Nikauokota mtandio, nikaunyanyua hadi pale alipouacha,
nikasimama nao hivyo, mkono ukiniuma,
mpaka alipotoka.