Kijiko cha Kumi na Tatu

Riwaya yake nene mnaijua nyote,
ile tuliyolazimishwa kuimeza kidato cha tatu,
"Jadili dhamira, toa mifano minne,"
hadi mhusika mkuu akachakaa kama noti ya zamani.
Leo ukimtaja Stamili Mndolwa
watu wanakutajia harusi, mto, yule mjomba mlevi,
kisha wanageuza mazungumzo, kama mtu aliyekwisha lipa deni.

Mimi nasema kitabu kingine.
Kurasa tisini na mbili, pini mbili zenye kutu,
jalada rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Hadithi fupi tisa.
Nilikipata Dundee, duka la hisani la barabara ya Perth,
kimebanwa kati ya mwongozo wa kufuma soksi
na ramani ya Ureno. Peni hamsini.
Nani alikileta huku? Sikuuliza.
Nililipa upesi, kama mwizi mwenye risiti.

Natoka kiwanda cha mikate saa kumi na moja alfajiri,
unga kwenye nyusi, ukungu umeufuta mlima wa Law,
basi lina mimi na dereva.
Hapo ndipo ninapomsoma. Hadithi moja kwa safari,
si zaidi, maana nikimaliza nitakuwa nimemaliza.

Humu Stamili hahutubii.
Humu hana taifa la kubeba mgongoni.
Kuna fundi saa aliyechelewa posa yake mwenyewe.
Kuna mapacha wanaogombea jino la dhahabu la marehemu,
na jino lenyewe, mwishoni, ni shaba.
Kuna kurasa tatu nzima
za mtu anayetafuta pa kutemea mbegu ya chungwa
sebuleni kwa wakwe.
Nilicheka hapo hadi dereva akanitazama kiooni.

Ya saba ndiyo niipendayo, nayo ni kilema.
Mjane anawapikia wageni wa arobaini,
wageni wanaondoka, anahesabu vijiko.
Alikuwa na kumi na viwili. Anapata kumi na vitatu.
Anahesabu tena, kwa kidole, kwa sauti.
Ukurasa wa sabini na nne unakatikia hapa:
"Basi akakishika, aka-"
na unaofuata ni wa sabini na saba.
Mtu aliung'oa. Mungu anamjua.

Miaka sita nimeimalizia mwenyewe.
Akakizika. Akakipeleka kwa imamu. Akakuta kimechorwa jina
la mwanamke ambaye marehemu hakuwahi kumtaja.
Nilijaza daftari, na kila mwisho wangu
ulikuwa na mvua, na mtu analia.

Ishbel wa mlango wa pili,
miaka themanini na mmoja, goti bovu, sikio zima,
akauliza ninacheka na nani, nami naishi peke yangu.
Nikamsimulia zote kwa Kiingereza changu cha kiwandani,
chai ikapoa. Kwenye kijiko akasimama, na goti lile!
"Cha nani?"
"Ukurasa haupo."
"Mwandishi wako mchoyo."
"Si yeye, ni aliyechana."
"Lao moja."

Binamu yangu Sengondo, mkutubi Morogoro,
akasaka wiki tano, akanitumia picha
ya nakala iliyoliwa pembeni na mchwa.
Sabini na tano. Mstari mmoja juu,
chini yake weupe mtupu:
"kiosha pamoja na vingine."

Nikakaa ngazini, simu mkononi.
Daftari zima la mvua,
na yeye alihitaji maneno manne.
Nikaona wivu, kisha nikaona raha,
kisha nikaomba, kwa roho mbaya kabisa,
wasimamizi wa mitihani wasije wakakiona.

Ishbel alisikiliza, akanyamaza,
akaaga bila kumaliza biskuti.
Kesho yake, nikiwa ndani ya usingizi,
fimbo yake mlangoni:
"Kwa maji ya moto au ya baridi?"

Nikawasha simu, nikaikuza picha, nikatazama.
Stamili hakusema.