Rangi ya Uongo

Muhindo, mshika kamera, alitupa sheria moja:
nyekundu isionekane ila mama anapodanganya.
Ya manjano aliiweka akiba kwa baba marehemu,
basi tukaficha mabidoni ya mtaa mzima chini ya magunia,
na watoto wa Majengo wakakaa bila maji hadi saa nane,
wakitulaani kwa Kinande.

Kile kikwembe nilikishona mimi.
Wekundu wake niliusaka Birere siku tatu:
usiwe wa nyanya, usiwe wa damu,
uwe wa mtu aliyekwisha kuamua.

Usiku hatukupiga picha kuelekea kaskazini.
Kule anga huwaka juu ya kreta,
na Muhindo alisema, "Watazamaji watadhani
mlima nao unadanganya."
Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumesimama
juu ya mawe meusi yaliyofunika jiko la mtu.

Sehemu ya kwanza ilipotoka, nilikwenda kwa shangazi Masika.
Televisheni yake ina ugonjwa wake:
nyuso kijani, mkate kijani, hata jeneza,
na kikwembe changu, kijani kama sombe.
Siku zangu tatu!
Nilitaka kumweleza. Nikanyamaza.

Mama akaingia, akasimama mlangoni, akasema,
"Barua? Sijaona barua yoyote."

Shangazi hakuinua mikono kutoka kwenye maharagwe.
"Mwongo huyo," akasema.
"Tazama anavyokikunja kile kikwembe."