Bei ya Herufi

Mimi ndiye niliyechonga.
Nianze na hilo, msije mkalisikia sokoni.
Mawe yote matatu ya tangi letu hapa Newala,
patasi ni yangu,
na vumbi lake bado nalikohoa.

Bei yangu haina siri: herufi moja, mia tano.
Na ndoo ya maji, Oktoba ikikaza,
ikipandishwa kwa baiskeli kutoka bondeni Kitangari,
nayo mia tano.
Sikuwahi kuziweka bei hizi kwenye mzani mmoja.
Fundi hupima jiwe, hapimi kiu.

Jiwe la kwanza alikuja mwenyewe,
kandambili miguuni, shati limelowa mgongoni.
NDUGU ABDURABI CHINDULI.
Herufi ishirini na moja. Alilipa taslimu
akaniuliza hali ya mama.

Miaka mitano, jiwe la pili.
Ndugu amekuwa MHESHIMIWA,
na katikati kaingia baba yake, SELEMANI.
Thelathini na nne.
Alilipa nusu. Nusu ya pili, "nifuate ofisini".
Ofisini nilimkuta mlinzi.

Mama alianguka mteremkoni na ndoo yake
kati ya jiwe la pili na la tatu.
Hakuinuka sawasawa.

La tatu lililetwa na dereva, kwenye kikaratasi:
MHESHIMIWA DAKTARI, kisha ukoo mzima.
Udaktari wa nini, dereva hakujua,
nami sikuuliza. DAKTARI ni herufi saba,
na saba kwa mia tano
ni kilo ya sukari na chenji.
Arobaini na moja! Jina lilifika ukingoni mwa jiwe,
ikabidi nilibane neno la chini.

Neno la chini halijabadilika tangu mwanzo:
MAJI.
Herufi nne. Elfu mbili.

Tangi? Njooni mlione.
Mashimo manne ya nguzo, yameota upupu.
Mabomba yaliletwa, yakapigwa picha, yakapakiwa tena;
kumbe ya kuazima.
Na korosho zetu zilikatwa shilingi thelathini kila kilo,
misimu mitatu, mchango wa tangi.
Risiti ya chama cha msingi ninayo,
wino umefifia
na hesabu haijasomwa.

Juzi amerudi, anataka jiwe la nne.
Uwanjani alisema saa nzima:
mimi niliwapigania, mimi sikulala, bila mimi mngekuwa wapi.
Nina ugonjwa wa kuhesabu.
Nilifika mimi ya sitini na tatu, nikapotea,
nikabaki nayatazama maneno mawili kichwani,
MIMI na MAJI,
nne kwa nne, yote yaanza na M, yote yaishia na I.
Yanatofautiana tumboni tu.

Ndipo Somoe Nankoma akasimama, ndoo mkononi, tupu.
"Ile thelathini ya kila kilo, Mheshimiwa.
Tusomee."
Akajibiwa kwamba mchakato unaendelea.
"Huo mchakato unachotwa kwa kata au kwa ndoo?"
Uwanja ukacheka.
Naye akacheka, tena kuliko wote,
na hapo ndipo nilipoogopa.

Usiku Somoe akabisha hodi karakanani.
Akafungua fundo la khanga, ikatoka mia tano.
"Ni ya ndoo ya kesho," akasema.
"Niongezee alama moja, pale mwisho wa neno la chini."
Nikamwambia ile si herufi, haina bei.
Akaiacha mezani vilevile.

Kesho kitambaa cha bluu kitavutwa.
Watapiga makofi kwanza, kusoma baadaye,
kama kawaida yetu.
Jina lake nimelichonga juujuu.
Alama ya Somoe nimeizamisha hadi kidole kinaingia:

MAJI?

Imepinda kama shingo ya bomba,
na chini yake
tone moja.