Kumjibu Bituro

Mwalimu Rwehumbiza ametuwekea sharti:
kila mmoja asome kazi ya mwenzake, kisha amjibu
kwa maneno yasiyopungua mia,
na "hongera" haihesabiki.
Mwisho saa sita usiku.

Nimetoka mwaloni Kirumba, viganja vinanuka dagaa
hata baada ya limau na sabuni ya kipande.
Igogo umeme umekatika.
Nimepanda jabali lililo nyuma ya choo chetu,
huku mtandao hushika ukielekeza simu ziwani,
na bando langu limebaki la kusoma, si la kupotea.

Nikamfungua Bituro wa Ukara.
Sijawahi kumwona. Namjua kwa mikato yake,
anaimwaga kila mahali kama mtu anayepanda mtama.

Mada ilikuwa haki katika biashara ndogo.
Wengine wamejaza "kwa mujibu wa" mpaka pomoni.
Bituro kaandika juu ya mama yake:
alivyonunua mitumbwini usiku wa kiza,
siku mbili akaanika mchangani, fimbo mkononi, akifukuza yangeyange,
akavuka na magunia manne hadi Kirumba,
akapimiwa,
akarudi na pesa ya matatu.
"Mizani ya Kirumba," kaandika, "ina mdomo."

Mizani ya Kirumba ni mimi.
Au tuseme mimi ndiye nisomaye mshale,
mwaka wa sita huu, aproni ya bluu, kalamu sikioni.

Nikaandika: Kaka, umekosea.
Dagaa wasiokauka hupungua njiani, hilo hata mtoto anajua.
Na mchanga wa Ukara nao una uzito,
mbona huo hukuutaja?
Nikahesabu. Maneno kumi na nane, na kila moja lina miba.
Nikafuta.

Nikaandika: Mchango wako ni mzuri, nimejifunza mengi.
Mtu kakaribishwa chakula, anasifia sahani.
Nikafuta.

Mbu wakaniimbia. Chini, jirani anakoroma.
Nikamsoma tena Bituro, safari hii kwa kidole,
kama ninavyochambua fungu la dagaa,
kokoto huku, furu kule, huyu kichwa kimekatika,
na mstari wa kumi na moja nikakuta nilichokiruka:
"Mama hakulalamika. Alisema labda ni macho yake."

Labda ni macho yake.

Wako wengi, siwezi kusema ni yupi.
Lakini yupo mmoja, masika yaliyopita, kitenge cha njano,
aliinama kuutafuta mshale, akakuta kiuno changu.
Nilimwambia, mama, sogea, foleni ndefu.
Na foleni ilikuwa ndefu kweli.

Saa sita kasoro dakika ishirini.
Nikaandika:

Bituro, mama yako alisimama upande gani wa mizani?
Nauliza kwa sababu mshale unasomeka upande mmoja tu,
na upande huo nasimama mimi.
Kuhusu unyevu sikubaliani nawe,
nipe uzito wa gunia moja siku ya kwanza na ya pili,
nitakuonyesha kwa hesabu.
Kuhusu macho yake, mwambie hayana kosa.
Wewe umesema mizani ina mdomo. Mimi nadhani ina mgongo,
na wateja wetu wote wamepangwa nyuma yake.

Nikahesabu tena. Hayafiki mia.
Ningeweza kuongeza "kwa ujumla", na "kama ulivyoeleza vema",
na lile la kumshukuru mwalimu.
Acha akate alama.

Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
mbali ziwani taa za wavuvi zikiwa zimetulia kama hazimsubiri mtu,
kisha ikaenda.

Hajajibu. Labda kalala, labda Ukara nako hakuna umeme.
Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa kazini.
Meza ya mizani ni ya mninga, miguu minne, imechimbiwa kwa saruji.
Kuigeuza peke yangu siwezi.
Nitamwomba Nkwimba anishikie upande mmoja,
na itabidi nimweleze kwa nini,
na yeye hapendi maelezo marefu.